Kumwachia mtoto mama wa mtaani asiye na kibali

Pole dada, kurudi kazini na mtoto wa miezi mitatu, likizo ya siku 84 ikiwa imekwisha, si mchezo. Unauliza kama umwache kwa yule mama anayelea watoto wanane nyumbani bila kibali. Mimi nasema usimpeleke kwanza.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata yako, umuulize vituo vilivyosajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009. Huyo mama naye anaweza kuomba cheti cha tabia njema polisi, kwa alama za vidole. Ila cheti hakimtaji aliyetenda ubaya bila kushtakiwa. Kwa hiyo muulize mwenyekiti wa mtaa, na wazazi waliomtoa mtoto pale: kwa nini walimtoa? Nani mwingine analala nyumba hiyo?

Kisha ingia bila taarifa. Mimi niliingia kwa mama aliyekuwa akimlea wangu saa nne asubuhi, nikakuta watoto sita wamelala fofofo, jiko la mkaa linawaka mlangoni. Nilimbeba wangu palepale. Ukiona alama mwilini mwa mtoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.