Usimkatie mamako hela ya dawa ukalipie kiwanja, mie nilifanya

Wewe kijana wa Paje, Ijumaa usilipe. Salamu utanisamehe, nimesoma swali lako usiku nikashindwa kulala na saa hizi ni saa nane naandika gizani mwanangu kalala pembeni.

Kwa ambao hawakuona alivyouliza: anafanya kazi hotelini, Mkristo mwenzetu, mamake yuko Chake Chake, Pemba, na ana sukari, na mdogo wake yuko skuli. Kapata kiwanja cha kulipia kidogokidogo, anataka miezi sita asitume kitu nyumbani mpaka amalize, na kiongozi wa kikundi chake cha maombi kamwambia wewe lipa tu, wa nyumbani Mungu atawaangalia. Akauliza na fungu la kumi alitoe vipi kipindi hicho, na kama aoe kwanza au ajenge kwanza.

Hilo la "Mungu atawaangalia" niliambiwa na mie mwaka 2019, karibu neno kwa neno. Nilikuwa natandika vyumba hoteli moja huko Nungwi, msimu ulikuwa mzuri, Julai mpaka Oktoba wageni wamejaa na bakshishi zinaingia, na kila mwezi nilikuwa namtumia mamangu kule Weti, Pemba, elfu themanini. Humo anatoa vidonge vyake vya presha, mchele, umeme, na cha kutoa kanisani. Mama ujanani alikuwa akichuma karafuu, alipochoka kupanda akawa anachambua tu, watu wanamletea barazani anatenga karafuu na makonyo analipwa kwa pishi, lakini hiyo ni mwaka ambao mikarafuu imezaa na miaka si yote inazaa.

Ikaja semina ya wiki nzima, mwalimu mgeni, somo Mkristo na kesho yake. Akafungua Mwanzo 41 Yusufu na maghala, akafungua Mithali 6 chungu anavyojiwekea, akasema mtu una miaka thelathini na zaidi huna hata kiwanja unamtia aibu Mungu unayemtumikia. Na pale nje mlangoni kasimama dalali na ramani ya viwanja mkononi, jamaa yake mmoja wa viongozi waliopanga semina. Tulipanga foleni jamani, watu wazima na akili zetu, tunaandikisha majina.

Bei milioni tano, nikatoa milioni moja na nusu niliyokuwa nayo, halafu laki mbili kila mwezi. Mshahara ukitoa laki mbili na chumba na mtoto hakibaki kitu, kwahiyo Agosti nikampigia mama nikamwambia nivumilie mpaka mwakani, najenga kwa ajili yetu sote. Akasema sawa mwanangu, Mungu akuzidishie.

Kila nikipiga simu: hujambo mama? Mzima. Dawa unameza? Nameza mwanangu. Na hakunidanganya, alikuwa anameza, ila anameza leo anaruka siku mbili ili vifike mbali. Ugonjwa wa presha wanaoujua wanajua, dawa yake ni ya kila siku hata ukijisikia mzima kama kijana wa miaka ishirini, na ukiruka hausikii chochote mpaka siku unayosikia.

Februari 2020 jirani akanipigia alfajiri. Nikapanda boti ya Pemba na nguo nilizokuwa nazo mwilini, nikamkuta mama wodini mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umekwenda upande, ananitazama anataka kusema kitu sauti haitoki. Dakta akaniuliza dawa alikuwa anameza vipi nikajibu kila siku. Nikajibu kwa kujiamini kabisa. Nikaja kurudi nyumbani kumchukulia nguo ndo nikakuta pakti ya vidonge chini ya mto ina tarehe ya Novemba na bado imebaki mistari miwili.

Na yule jirani, bibi wa Kiislamu anayeuza mandazi asubuhi, ndiye aliyekuwa akimpikia uji, na hiyo pakti ya Novemba kamnunulia mama yeye kwa hela ya mandazi. Nikamuuliza bibi mbona hukunipigia? Akasema mamako alinikataza, alisema ukijua utaacha kiwanja.

Nilikaa pale kwenye kizingiti. Nikakumbuka 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini. Kwaya nimeimba miaka kumi na mbili, na mamangu katunzwa na mtu ambaye sisi kwenye semina tunamwombea "aijue kweli". Mungu aliwaangalia kweli wa nyumbani kwangu, alimtumia yule bibi baada ya mie kukataa kutumwa.

Sasa huyo mwalimu. Najua kuna watakaosema usimnyooshee kidole mtumishi, mie leo namnyooshea na chakula changu nitakula vizuri. Yusufu kamsoma nusu. Rudi Mwanzo 41:34 uone ilichukuliwa sehemu ya tano, na ilichukuliwa miaka ya shibe. Ya tano! Kwenye mia ni ishirini, themanini watu wakala na wazee wao na watoto wao. Hakuna pahala Yusufu kamwambia mtu mnyime mama chakula tujaze ghala. Na Marko 7 hakuigusa wiki nzima, pale Yesu anawakemea wale waliosema hela ambayo ningekusaidia nayo baba, mama, ni Korbani, nimeshaitoa wakfu. Mie Korbani yangu ilikuwa kiwanja, tena nimeipakia mafuta ya maombi.

Kiwanja chenyewe nisiseme sana. Machi hoteli zikaanza kufunga kwa korona, tukarudishwa nyumbani bila mshahara, nikaenda kuomba nirudishiwe hata nusu. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa ule, akanambia shamba lile ni la eka tatu, zile walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ya serikali, mwenye eka amepewa atumie hakupewa akate vipande auze, na karatasi yangu yeye hajaiona wala hakuitia saini. Watoto wa mzee mwenye eka nao hawamjui dalali. Milioni mbili na laki tisa. Dalali simu haipokei mpaka leo, kiongozi jamaa yake akanambia dada tuombe. Kwahiyo na hilo kaulize, nenda kwa sheha wa pale na Kamisheni ya Ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Lakini hata kiwanja kingekuwa halali kabisa kina na hati, bado nakwambia usilipe kwa hela ya mamako. Hela ilinirudia kidogokidogo nikifanya kazi, mkono wa mama haukurudi.

Nilichojifunza ni hiki tu: hela yenye jina la mtu haihamishwi. Siku mshahara ukiingia, kabla hujafanya lolote, chukua daftari andika majina. Mama, dawa. Mdogo, skuli. Mwenye nyumba. Kanisa. Kila hela ikishapata jina si yako tena, we ni mpitishaji tu. Inayobaki bila jina ndo ya kesho, na hiyo weka kwa bidii maana mie sisemi watu wasipange, Luka 14 inasema kaa kwanza uhesabu gharama, ila dawa za mama ni sehemu ya hesabu hiyohiyo. Mie kuna miezi ya masika, Aprili na Mei hoteli ziko tupu, inabaki elfu kumi na tano, naipeleka kikobani, kikundi chetu cha kuweka akiba, hivyohivyo. Miaka minne ya elfu kumi na tano na elfu thelathini nimenunua cherehani mbili na mama anazisikia zinalia chumba cha pili, maana nakaa naye hapa Mjini sasa. Kiwanja sina bado.

Umesema malipo ya kwanza ni Ijumaa na leo Jumatano. Kukipambazuka piga Chake. Usimuulize kama ni mzima, atakwambia mzima. Muulize vidonge vimebaki vingapi, na mwambie mdogo wako avihesabu mbele ya simu.