Dula anafanya kazi gani hasa? Maswali yenu na majibu

Maswali ya dula yamekuwa mengi, nimechukua machache maana mengi yanafanana. Kwa asiyejua, dula ni mtu aliyefundishwa kumsindikiza mama toka mimba, kwenye uchungu, mpaka wiki za mwanzo za kulea, ila sio daktari wala nesi. Haya twende.

Si ni mkunga tu kwa jina la kisasa?

Hapana dada. Mkunga anapima njia imefunguka kiasi gani, anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, damu ikizidi anajua achome dawa gani. Dula hagusi hata kimoja hapo, akikwambia atakupima njia mkimbie. Yeye kazi yake ni kubaki. Mkunga anaweza kuwa na wazazi kadhaa kwa mpigo kila mmoja anamwita, afu zamu inaisha anakuja mwingine usiyemjua, dula bado yupo na wewe. Na anayekwambia ukiwa na dula huhitaji mkunga anacheza na maisha yako.

Siku ya uchungu anafanya nini, kushika mkono tu?

Huo mkono wenyewe usiudharau! Uchungu wa mwanzo unaweza kuchukua masaa mengi hasa mimba ya kwanza, sasa dula anakaa na wewe anahesabu unakuja kila baada ya dakika ngapi na unadumu muda gani, anakukumbusha kunywa maji, anakukumbusha kukojoa (watu wanasahau hii, kibofu kikijaa kinaweza kumzuia mtoto kushuka). Uchungu ukikolea anakubadilisha mikao, mara utembee, mara uchuchumae, mara ukae kwenye lile puto kubwa la mazoezi, na kama maumivu yote yako mgongoni anakuweka magoti na mikono chini maana mara nyingi hapo kisogo cha mtoto kimeelekea mgongo wako. Anakukandamiza kiuno kwa kiganja kila uchungu ukija, masaa kwa masaa, ndo maana wanafundishwa kutumia uzito wa mwili, ukitumia misuli ya mkono tu hufiki popote. Afu kuna ile saa mama anasema siwezi tena, nirudisheni nyumbani, wote chumbani wanachanganyikiwa, kumbe mara nyingi ni dalili kwamba kusukuma kumekaribia. Dula ameshaiona saa hiyo. Anakuangalia machoni anapumua na wewe pole pole mpaka inapita.

Na sio kufarijiana tu. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya) walikusanya majaribio yenye wanawake zaidi ya 15,000, wakakuta waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, upasuaji ulipungua, hata uchungu ulikuwa mfupi kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2018 likapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Aliyemchagua, kwa hiyo kama hela ya dula haipo dada yako au mama yako anatosha kabisa, bora asiwe mtu wa kupiga kelele.

Mi ndo baba mtarajiwa, mtu wa nje wa nini wakati nitakuwepo?

Shemeji hakuna anayekunyang'anya nafasi. Ila na wewe utakuwa unaogopa, hujalala, pengine hata hujala. Dula mzuri anakuonyesha pa kukandamiza afu anakaa pembeni, ukichoka anakupokea. Akikusukuma nje eti haya ni mambo ya wanawake, tafuteni mwingine. Ila ulizieni mapema leba wanaruhusu watu wangapi, kuna hospitali wanaruhusu mmoja tu.

Nimepangiwa upasuaji, si napoteza hela?

Chumba cha upasuaji huenda asiingie kweli. Lakini kabla atakuelezea utakachosikia (ganzi ya mgongo inaondoa maumivu, kuvutwavutwa bado utakusikia) na baada ya hapo atakusaidia kumpakata mtoto pembeni chini ya kwapa anyonye bila kugusa mshono.

Daktari akitaka kitu sikitaki, atanigombania?

Hagombani na mtu. Anakukumbusha kuuliza kwa nini, kuna njia nyingine, tukisubiri itakuwaje, afu unaamua mwenyewe. Ikiwa dharura anapisha.

Baada ya kujifungua bado ana kazi?

Tena mi naona hapa ndo hela yako inarudi. Wageni wote wanakuja kumwona mtoto, mama hakuna anayemuuliza amelala. Dula anamshika mtoto wewe uoge ulale, anaangalia mtoto anavyolishika titi, mdomo uwe wazi aingize na ile sehemu nyeusi, akivuta chuchu peke yake ndo zinachanika. Anakusikiliza ukisimulia uzazi wako hata mara ya tano. Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida, yakivuka wiki mbili atakwambia nenda ukaonwe, na ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto hakuna cha kusubiri wiki, ni hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, au kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto ameshatoka, wengi hawalijui hili.

Nimchagueje?

Nchi nyingi kazi hii haina leseni kwa hiyo yeyote anaweza kujiita dula. Muulize amefundishwa wapi, amewasindikiza kina mama wangapi, akiumwa nani atakuja badala yake, usiku anapokea simu, bei inajumuisha nini. Afu ongea naye kama nusu saa hivi, ukijikuta unajifanya jasiri mbele yake basi sio huyo. Na anza kutafuta mimba ikiwa katikati, usingoje wiki ya mwisho wazuri wote wameshachukuliwa.