Unga wa alumina hauyeyuki, unatawanyika

SWALI: Naandaa mwongozo mfupi kwa mafundi wa garaji hapa Nyakato, Mwanza, kuhusu maji ya rejeta yanayotiwa chembe ndogo mno za madini ili yabebe joto vizuri zaidi. Nimeandika hivi: "Yeyusha unga wa alumina asilimia 1 katika lita 10 za maji mpaka uyeyuke kabisa, kisha mimina kwenye rejeta. Maji haya yana uwezo maradufu wa kupooza injini." Mwenzangu anasema "kupooza" ni kosa. Je, ni kweli? Na kuna kingine cha kurekebisha?

JIBU: Mwenzako kasema kweli. Kitu cha moto kinapoa. Anayekifanya kipoe anakipoza. Ni mwendo uleule wa pungua na punguza, legea na legeza, tembea na tembeza: inaingia -z-, hakuna irabu inayoongezeka. Kupooza ni kupoteza nguvu: mkono umepooza, biashara imepooza. Tena unaweza kuandika vizuri zaidi: "maji ya kupozea injini", kama tunavyosema maji ya kuogea na kisu cha kukatia. Kauli hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba maji ni nyenzo ya kazi.

Lakini neno linaloweza kumharibia fundi kazi ni "yeyusha". Chumvi ikiyeyuka majini haionekani tena, na hata ukiacha dumu mwaka mzima haishuki chini. Alumina, yaani oksidi ya alumini, haifanyi hivyo. Chembe yake inabaki kuwa kitu kigumu hata ikiwa ndogo namna gani, na hizi za nano zina upana wa nanomita 1 hadi 100, wakati milimita moja tu ina nanomita milioni moja. Kinachotokea ni kutawanyika: kila chembe inakaa mbali na mwenzake, maji yote yakawa meupe kama maziwa mepesi. Fundi aliyeambiwa "yeyusha" atakoroga kwa mwiko mpaka asione unga, ataliweka dumu stoo, na siku ya kulitumia atamimina maji matupu ya juu huku unga umelala chini.

Mfano mnao hapo hapo ziwani. Ukichota maji yenye tope ukayatia shabu, baada ya muda utaona vijinyuzi vya uchafu vikikusanyana, vikiwa vizito, vikishuka. Shabu imeondoa ile nguvu ya umeme iliyokuwa ikizifanya chembe za tope zisukumane, kwa hiyo zikagandana na kutuama. Kwa maji ya kunywa ndicho tunachotaka. Kwa maji ya rejeta yenye alumina ni balaa, na chumvichumvi zilizomo katika maji ya kawaida zinaweza kuleta balaa hilohilo bila shabu yoyote. Ndiyo maana yanatakiwa maji yaliyokenekwa, yale ambayo madukani huitwa maji ya betri. Andika wazi kwamba si asidi ya betri.

Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini kugandana ni hatari. Kasi ya kuzama hufuata mraba wa upana wa chembe. Chembe duara ya alumina yenye nanomita 50 hushuka majini chini ya nusu milimita kwa siku, na mtikisiko wa kawaida wa maji huirudisha juu. Bonge la chembe hizo likifika nanomita 5,000 na likawa limeshikamana sawasawa, upana umeongezeka mara 100, kasi mara 10,000: sentimita 14 hivi kwa saa. Mwiko hauvunji mabonge hayo. Huvunjwa na mashine ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha hutiwa dawa ya kutawanyisha ili yasirudi. Kuna wanaotumia asidi kidogo badala ya dawa, kwa kuwa alumina hugandana zaidi pH (kipimo cha uasidi) ikikaribia 9, lakini asidi hiyo hula vyuma vya mfumo.

Hapa tenganisha maneno mawili. Maji yakiganda yamekuwa barafu. Chembe zikigandana zimeshikana. Silabi moja tu, na kwa msomaji wa mwongozo wa maji ya kupozea tofauti yake ni kubwa. Zinaposhuka zinatuama, na kinachobaki chini ni mashapo. Usiandike kwamba chembe "zinaelea". Mtumbwi huelea, na fundi atatafuta unga juu ya maji.

"Asilimia 1" peke yake haitoshi. Ya uzito au ya ujazo? Alumina ina uzito karibu mara nne ya maji. Asilimia 1 ya uzito katika kilo 10 za mchanganyiko ni gramu 100. Asilimia 1 ya ujazo katika lita 10 ni mililita 100 za alumina, yaani karibu gramu 400. Kwa mizani ya garaji, hiyo ndiyo tofauti kati ya dozi na dozi nne.

Sasa "maradufu", ambalo maana yake ni mara mbili. Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani, alipovipa vimiminika hivi jina mwaka 1995, matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 zilipima sampuli zilezile na kukuta ongezeko linalokubaliana na kanuni ya mwanafizikia Maxwell ya karne ya 19. Kwa chembe duara, asilimia 1 ya ujazo huongeza uwezo wa maji kupitisha joto kwa takriban asilimia 3. Halafu kupitisha joto si sawa na kuhamisha joto kutoka kwenye injini mpaka hewani. Chembe huongeza pia mnato, yaani uzito wa maji kutiririka, pampu ikafanya kazi zaidi, na alumina ni ngumu kiasi cha kusugua sili za pampu. Andika "huongeza kidogo".

Ningeiandika sentensi yako hivi:

"Vaa barakoa. Pima gramu 400 za unga wa alumina ya nano (asilimia 1 ya ujazo) na lita 9.9 za maji yaliyokenekwa yenye dawa ya kutawanyisha. Tia unga kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha tawanya mabonge kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Jaza chupa angavu, iache usiku kucha. Asubuhi ukiona mashapo chini au maji meupe yametengana na maji maangavu, chembe zimegandana: usimimine kwenye rejeta."