Sauti "zinakotoka" au "zinapotoka"?

SWALI: Ninatafsiri mwongozo wa kifaa cha mikutano kinachowekwa katikati ya meza. Niliandika: "Kifaa kina vipaza sauti vinne vinavyotenga sauti za wasemaji na kuonyesha zinakotoka." Mhariri akabadili: "Kifaa kina maikrofoni vinne vinavyotenganisha sauti za wasemaji na kuonyesha zinapotoka." Nani kakosea?

JIBU: Nyote wawili, ila si mahali pamoja.

Kwenye maikrofoni namuunga mkono mhariri. Kipaza sauti ni kile anachoshika mshereheshaji mkononi, na watu huliita jina hilohilo hata spika lililofungwa juu ya nguzo. Kifaa chako kina cha kusikia na cha kutoa sauti, kwa hiyo msomaji atachanganyikiwa. Lakini mhariri alibadili nomino akasahau upatanisho: maikrofoni ni ngeli ya I-ZI, basi ni "nne zinazo-".

Tenga na tenganisha yana mzizi mmoja, kazi mbili. Ukitenga, unaweka kitu kando: unatenga hela za ada. Ukitenganisha, unafanya vilivyoshikamana viachane, kama unavyowatenganisha wanaopigana. Sikio la binadamu hutenga. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry alieleza majaribio ambamo watu walisikilizishwa maneno tofauti katika kila sikio. Waliofuatilia upande mmoja hawakuweza kueleza karibu lolote lililosemwa upande wa pili. Kifaa chako hakichagui hivyo. Kinapokea mchanganyiko na kumpa kila msemaji mkondo wake. Hapo ni kutenganisha.

Sasa -ko- na -po-, ambako mhariri ameharibu. Kwanza, "zinapotoka" inasomeka pia kama "wakati zinatoka", na katika mwongozo wa kifaa kinachorekodi, msomaji anaweza kabisa kudhani kinaonyesha saa. Pili, -po- ni ya mahali dhahiri, mtu anaweza kupaonyesha kwa kidole: pale, kiti cha tatu. -ko- ni ya upande: kule. Na kifaa chenyewe kinajua nini? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Maikrofoni mbili zikiwa sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine, sauti ya msemaji aliye ubavuni huifikia ya karibu mapema kuliko ya pili kwa takriban sekunde 0.0003. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokipa kifaa pembe ya sauti, yaani upande. Umbali wa msemaji ni suala jingine. Maikrofoni zikiwa zimebanana mahali pamoja, ni vigumu kuukadiria. Zingetawanywa kwenye pembe nne za ukumbi, mielekeo ingekatana kwenye nukta moja, nami ningemwachia mhariri -po- yake (kama angeondoa ule utata wa wakati). Kwa kifaa cha mezani, "kule" ndilo jibu la kweli, nawe uliliandika, labda kwa mazoea tu.

Limebaki jambo moja ambalo hamkuliona. Ukishaandika maikrofoni badala ya vipaza sauti, zi- ya "zinakotoka" inaweza kurejelea sauti au maikrofoni zenyewe, maana zote ni I-ZI. Vi- ya zamani ilikuwa inakukinga. Taja nomino upya: "Kifaa kina maikrofoni nne zinazotenganisha sauti za wasemaji na kuonyesha kila sauti inakotoka."