Tauhidi: kuunganisha au kupwekesha?

SWALI: Assalaamu alaykum maalim. Nasomesha watoto chuoni hapa Langoni, Lamu. Mwanafunzi mmoja amekuja na kamusi ya Kiarabu isemayo tawhid (ndiyo tauhidi yetu, imani ya Mungu Mmoja) ni "kuvifanya vitu kuwa kimoja". Akaniuliza: kwani Mwenyezi Mungu walikuwa wangapi hata wakaunganishwa? Sikupata la kumjibu.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mtoto huyo usimwache, ana akili. Na kamusi yake haikukosea. Waarabu hulisema neno hilo hata kwa nchi: kuungwa kwa Saudi Arabia kuwa ufalme mmoja mwaka 1932 hukuita tawhid. Ni kama mafundi wa Matondoni wanavyounga mbao zikawa jahazi.

Lakini kitenzi wahhada, kilichozaa neno tawhid, kimejengwa kwa mizani (yaani umbo la kitenzi) ya fa''ala, na mizani hiyo ina kazi zaidi ya moja. Hukifanya kitu kiwe hivi au vile. Na pia hukiri kwamba ndivyo kilivyo. Tukileta takbira, Allahu Akbar, je, twamkuza Allah, kwani alikuwa mdogo? Tukileta tasbihi, Subhana Llah, twamtoa uchafu? Hasha! Twakiri ukubwa na utakatifu alio nao. Tauhidi ni vivyo hivyo.

Na swali lenyewe ni la zamani. Soma Surat Swad, aya ya 5: washirikina wa Makka walistaajabu, ati Mtume (s.a.w.) amewafanya miungu wote kuwa Mungu Mmoja! Walidhani masanamu yao yametiwa fungu moja. Yeye hakukusanya kitu, alikanusha kwanza: laa ilaaha, hapana mungu, kisha, illa Llah, isipokuwa Allah. Kukanusha huko hukupati ndani ya "kuunganisha". Ndiyo maana mimi hupenda neno letu, kumpwekesha, ambalo limetoka kwenye pweke, asiye na mwenziwe.

(Jina tauhidi kwa umbo hilo halimo ndani ya Qur'ani, lakini limo katika Hadithi ya Jabir kuhusu Hija, iliyopokewa na Muslim.)

Kwa mtoto, kisa kitamfaa kuliko sarufi. Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, alikuwa akiomba dua huku akiashiria kwa vidole viwili. Mtume akampitia, akamwambia, "Ahhid, ahhid," yaani fanya kimoja, akaonyesha kidole cha shahada. Muulize mwanafunzi wako: Saad aliviunga vile vidole viwili, au alibakisha kimoja?