Gemu ipi ya kuendesha bustani ya michezo nianze nayo?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina bembea ya kuzunguka na puto la watoto kurukia, navipeleka ufukweni Igombe wikiendi na sikukuu. Mdogo wangu anayesoma chuo Nyegezi anasema kuna gemu za kuendesha bustani ya michezo: unapanga bei, unaajiri, unajenga. Amenitajia Planet Coaster, Parkitect na RollerCoaster Tycoon. Nina simu ya Android na laptopu ya RAM GB 8 isiyo na kadi ya picha ya peke yake. Nianze na ipi?
Mama Careen, Kirumba

JIBU: Nzuri sana, dada. Planet Coaster iweke pembeni, hata kama mdogo wako ameipenda kwa picha zake. Ilitoka mwaka 2016, na RAM GB 8 ndiyo kiwango chake cha chini kabisa. Juu ya hapo inadai kadi ya picha ambayo huna. Ila hata ungekuwa na mashine kubwa, bado nisingekuanzishia hapo. Ile ni gemu ya mjenzi. Utapanga ukuta, dirisha na jiwe mojamoja mpaka usiku wa manane, na matokeo yake yanapendeza kweli, lakini hela inaingia kirahisi mno. Wewe umezoea kupigania kila mia tano ya mtoto, utaichoka.

Anza na simu. Tafuta RollerCoaster Tycoon Classic, iliyounganisha RollerCoaster Tycoon mbili za kwanza za Mskoti Chris Sawyer, ya 1999 na ya 2002. Ile ya 1999 aliiandika karibu yote kwa asembli, lugha ya programu iliyo karibu sana na ya mashine yenyewe, ndiyo maana kompyuta dhaifu za wakati ule ziliweza kubeba umati mkubwa wa wageni, kila mmoja na njaa yake, kichefuchefu chake na hela zake mfukoni. Mguse mgeni yeyote utasoma anachowaza: ana kiu, anatafuta choo, au amegoma kupanda kwa sababu bei ni kubwa. Hapo ndipo utakapopapenda. Mvua ikianza, pandisha bei ya miavuli uone: mtu aliyeipita jua likiwaka sasa anaipangia foleni. Bustani ya kwanza, Forest Frontiers, inakutaka uwe na wageni 250 mwishoni mwa Oktoba ya mwaka wa kwanza, na alama ya bustani isipungue 600. Usijenge reli kubwa ya kasi (rollercoaster) haraka. Ikizidi ukali, wageni wengi wataikataa na mtaji wako umelala pale.

Angalia jina vizuri kabla ya kulipa. Kuna nyingine inaitwa RollerCoaster Tycoon Touch. Hiyo inapakuliwa bure, kisha inakuvuta ununue vitu kwa hela halisi. Siitaki kwa mtu anayetaka kujifunza bei.

Ukishaonja, hamia Parkitect kwenye laptopu. Ilikamilika mwaka 2018, inafuata nyayo za Sawyer waziwazi, na kwa uendeshaji mimi naiweka juu ya zote tatu kwa sababu moja: mzigo. Soda na chipsi hazizaliwi ndani ya kibanda. Zinashushwa kwenye bohari, halafu mfanyakazi anabeba boksi mpaka dukani. Wageni wakimwona anakatiza katikati yao na boksi lake, kama wapagazi wa soko la Mwaloni wanavyopenya na magunia ya dagaa, raha yao inashuka. Kwa hiyo unawachimbia wafanyakazi njia yao, nyuma ya miti au chini ya ardhi, na duka ukiliweka mbali sana na bohari linaishiwa bidhaa wakati foleni ndiyo imenoga. Sijaona gemu nyingine ya aina hii inayokulazimisha kufikiria mlango wa nyuma kiasi hicho. Wewe unayebeba jenereta na maji mpaka ufukweni utaielewa siku ya kwanza.

Inunue Steam, duka la gemu la mtandaoni. Wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Basi ipakue kwanza kwa bando la usiku, subiri siku umeme umetulia, ndipo uifungue uone kama laptopu yako inaibeba bila kukwama.