Lenzi ndefu ya mtumba: imulike kabla hujalipa

Lenzi yangu ndefu ya kwanza, milimita 300 (zikizidi, lenzi huvuta mbali zaidi) yenye tundu la f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga mwingi hupita), niliinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa anaachana na kazi ya picha. Kwa nje iling'aa, na ilikuja na sanduku lake lenye sponji. Miezi miwili baadaye nikiwa Tarangire, tembo waliteremka mtoni jua likichomoza nyuma yao, na kila picha ikatoka imefifia kana kwamba niliipigia ndani ya chandarua. Usiku ule nilikimulika kioo kwa tochi ya simu. Fangasi walikuwa wametambaa kwenye kioo cha ndani, nyuzi nyuzi, kama mizizi ya mche. Akiba ya mwaka mzima ilikuwa imekwenda.

Hata hivyo bado nashauri watu wanunue mtumba. Canon EF 600mm f/4 toleo la tatu ilipotangazwa mwaka 2018, bei yake ilikuwa dola 12,999. Wengi wetu huku hatuna fedha hizo, na kioo kikitunzwa hakizeeki haraka. Kinachochoka ni mota ya fokasi, yaani ya kulenga picha itoke kali, kitulizaji cha mtikisiko, na nyaya nyembamba za ndani.

Kwanza jiulize utapigia wapi. Serengeti na Ngorongoro unapigia garini, na simba wakati mwingine huja kulala kwenye kivuli cha gari lenyewe, kwa hiyo milimita 400 zinakutosha kwa mengi. Ndege ndio wanaodai urefu. Canon 500mm f/4 ya mwaka 1999 ina kilo 3.87, na toleo lake la pili kilo 3.19. Nikon 500mm f/5.6 PF ya mwaka 2018 haifiki kilo moja na nusu. Ukiwafuata heroe kwa miguu kando ya Ziwa Natron, tofauti hiyo utaisikia begani. Ipo pia Canon RF 600mm f/11, gramu 930 tu na nafuu, lakini hupitisha mwanga pungufu karibu mara nane kuliko f/4. Mchana inafaa. Chui akianza kushuka mtini jioni, mimi hainitoshi.

Sasa ukaguzi, na hapa usimwonee haya muuzaji. Nenda na kamera yako na tochi. Toa vifuniko vyote viwili, mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili kwa kuinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi la punje chache halina neno; lenzi yoyote iliyopita barabara za mbugani inalo. Nyuzi kama utando wa buibui, acha. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele unavumilika, ila ulio kioo cha nyuma huonekana kwenye picha upesi zaidi. Tazama skrubu za pale lenzi inapojifunga kwenye kamera: zikiwa zimechunika vichwa, kuna mtu alishaifungua, na una haki ya kumuuliza muuzaji kwa nini.

Kisha ifunge kwenye kamera yako. Peleka fokasi karibu, peleka mbali, mara kumi, huku umetega sikio. Mota nzima huteleza. Inayolia au kukwaruza inakaribia kufa. Washa kitulizaji, uone kama taswira inatulia au inarukaruka. Piga picha kwa f/4, f/8 na f/16, kwa sababu lenzi yenye waya uliochoka mara nyingi hufanya kazi tundu likiwa wazi kabisa, kisha kamera ikaleta kosa ukilibana. Jaribu ukali wa picha kwenye gazeti lililobandikwa ukutani mita kumi hivi, asubuhi. Ukijaribu saa saba mchana kwa kitu cha mbali, mvuke wa joto utakufanya uikatae lenzi nzuri.

Umri nao una mtego wake. Canon 500mm f/4.5 na 600mm f/4 za kabla ya vitulizaji hutegemea umeme hata ukizungusha fokasi kwa mkono, hivyo mota ikifa huna lenzi tena, na vipuri vya kiwandani vimekwisha. Lenzi nyingi za Sigma za enzi za filamu, zilizotengenezwa kwa ajili ya Canon, hazielewani na kamera za dijitali. Hata kama ni bei ya kutupa, ziache.

Hakikisha kava la jua, mguu wa kufungia stendi na kile kidroo cha filta cha nyuma vyote vipo. Kimoja tu kikikosekana, kukitafuta ni gharama. Omba risiti ya kwanza, linganisha namba ya lenzi. Anayekataa kukutana mkakagua pamoja, mwache na lenzi yake.

Stendi usihangaike nayo ukiwa garini. Mimi nina mfuko wa jinsi wenye zipu. Nikifika Karatu naujaza maharage sokoni, nauweka dirishani, lenzi inatulia juu yake. Safari ikiisha tunayapika.

Nyumbani Dar, lenzi yangu ya sasa inakaa kwenye boksi la plastiki linalobana vizuri, na vipakti vya silika vya kunyonya unyevu unaoleta fangasi, ninavyobadilisha kila vikilowa unyevu. Lile sanduku la sponji sijawahi kulitumia tena.